Ute Ndani ya Beseni

Wifi yangu hakuonja. Kwetu Nyamitaba mtu akikuletea kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, anakunywa kidogo yeye kwanza mbele ya macho yako, kisha ndipo anakupa kopo. Hatuulizi kwa nini. Tuliwakuta wazazi wakifanya hivyo, na kila mtu mzima anajua sababu. Yeye alijaza kopo, akaliweka juu ya kigoda mbele yangu, akarudi mbio jikoni. Nililitazama lile kopo kwa muda. Koo lilikuwa limekauka kwa vumbi na safari. Nikanywa.

Nilikuwa nimekuja kwa ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Mume wake ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, seremala aliyefuata mbao hadi Walikale akaoa huko huko, mbele ya Kalembe, mahali vilima vyetu vinapokwisha na pori kuanza. Mimi nilikuwa mjane wa mwaka wa tatu. Niliishi na mama yangu, tukilima maharage na muhogo kwenye mteremko aliokuwa akiulima bibi yangu. Walikale sikuwa nimewahi kufika. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka Kashuga. Dereva alinishusha mara mbili ili aikokote moto kwenye matope, na mara ya pili nilichota maji ya kijito kwa viganja nikanywa, maana yalikuwa maangavu hata changarawe za chini zilionekana. Hilo la kijito lilinitoka kichwani kabla sijafika. La kopo halikunitoka.

Watu wa kwetu wana maneno mengi kuhusu watu wa pori. Niliyasikia tangu utotoni, na nilikwenda nayo kule pamoja na mfuko wa maharage niliowapelekea. Wifi alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye macho yasiyotulia mahali pamoja. Alipika sombe ya majani ya muhogo na samaki, akanipakulia katika sahani ya peke yangu, ilhali yeye na mume wake walikula sahani moja. Nikajiuliza kwa nini yangu itengwe. Siku ya tatu tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba tukimenya muhogo, akaniuliza bila kuinua macho:

"Wifi, ile shamba ya bwana yangu kule Nyamitaba, ni weye njo unailima?"

"Ni miye na mama."

"Na kama siku moja sisi tunakuya kukaa kule, mutatuachilia?"

Nilicheka, nikasema shamba halina miguu, litamngoja mwenyewe. Yeye hakucheka. Aliendelea kumenya, na kisu chake kilikuwa kinakwenda haraka kuliko changu.

Wiki ya tatu baada ya kurudi nyumbani, tumbo lilianza. Mwanzoni ni kukata tu upande wa chini, kama mtu anakamua nguo iliyolowa. Kisha nikawa natoka kwenda chooni mara sita, mara nane kwa siku, na kila nikienda sikutoa cha maana. Kilichotoka kilikuwa ute. Mweupe, wa kuvutika, kama ule wa yai bichi. Siku chache baadaye ukawa na nyuzi nyekundu ndani yake.

Mama aliniona ninavyorudi nimeshika ukuta. Alikuwa anapalilia nyuma ya nyumba. Akasimama.

"Kule kwa ndugu yako ulikulaka nini?"

Nikamtajia. Sombe, samaki, bugali ya muhogo, kasiksi.

"Hiyo kasiksi, alionja?"

"Apana, mama. Hakuonja."

Aliweka jembe chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Ni karuho," akasema.

Karuho ndiyo sumu ya kwetu ya kuogopwa. Wanasema haiui siku hiyo hiyo. Inakaa ndani, inakula mtu taratibu, na anayekupa anakuwa ameketi nawe mnacheka. Sijawahi kuiona kwa macho wala kumjua mtu aliyeiona kabla ya kumezwa. Lakini katika kila msiba niliohudhuria, lazima awepo mtu anayeitaja kwa sauti ya chini. Mama alipoitaja, kila kitu kilijipanga chenyewe. Kopo. Sahani ya peke yake. Swali la shamba. Nilishangaa tu kwamba sikuliona mapema.

Kashuga kulikuwa na mama mmoja anayejulikana kwa kutosha karuho, kuitoa tumboni. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya kambi ya wakimbizi, na asubuhi ungekuta watu watano, sita, wameketi juu ya magogo wakimngoja, kila mmoja anamtazama mwenzake kana kwamba anataka kujua nani kamlisha nani. Alininywesha maji ya majani machungu hadi nikatapika. Kisha akanilaza ubavu, akaniwekea dawa kwa nyuma kwa ule mpira wa mviringo tunaouita puwari. Dawa yake ilichoma kama pilipili, na nadhani ilikuwa na pilipili kweli. Nilijisaidia ndani ya beseni la plastiki la kijani. Akachukua kijiti, akakizungusha ndani, akainua. Ute ulining'inia kwenye kijiti kile, mrefu, mzito, una povu.

"Unaona?" akasema. "Hii njo ile kintu. Ilishaanza kufanya mizizi mu tumbo."

Niliuona kwa macho yangu. Ulikuwa mwingi kuliko wote niliowahi kuona. Nikalia, na haya niyaseme wazi, sehemu ya kilio kile ilikuwa faraja. Sasa nilikuwa na ushahidi na nilikuwa na mtu wa kumchukia.

Alitaka nirudi. Nilirudi mara mbili zaidi, kila mara na kuku. Kila mara ute ulizidi, na kila mara alisema bado kuna mwingine umejificha. Ilinipita kichwani siku ya tatu: sumu ya kopo moja, mbona haiishi? Lakini mtu mwenye shaka hupenda shaka yake. Jibu nililojipa ni kwamba wifi lazima alitia nyingi.

Wakati huohuo mama alikuwa amekwisha kumpigia simu mdogo wangu. Nilimsikia akiwa nje ya dirisha. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Dada yako anakufa. Uangalie chakula unapewa." Akakata.

Safari ya tatu kutoka Kashuga sikufika nyumbani kwa miguu. Nilianguka njiani, na wanawake waliokuwa wanatoka sokoni wakanibeba kwa zamu mpaka kituo cha afya. Pale waliniwekea serumu mkononi. Nilipoweza kukaa, akaja kijana wa laboratwari, mwenye koti jeupe na viatu safi mno kwa matope ya kwetu, akanipa kichupa.

"Mama, utaniletea choo kidogo humu ndani."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kuangalia."

Sikumwamini. Uchafu wa mtu si kitu cha kumpa yeyote; anaweza kukufanyia lolote nao. Nilimletea kwa sababu muuguzi alisimama mlangoni akinihimiza, lakini nilitoka na chupa yangu ya serumu mkononi nikaenda kusimama kwenye dirisha la laboratwari ili nione anaupeleka wapi. Alinikuta nimeweka uso kwenye wavu wa dirisha. Badala ya kukasirika akaniita ndani.

"Kuya uone weye mwenyewe. Funga jicho moya."

Niliinamia darubini yake; mwanzoni niliona mwanga tu na kope zangu. Kisha takataka, vipande vipande. Kisha akanionyesha kitu kimoja kama tone la mafuta, nacho kilikuwa kinatembea. Hakikuwa na miguu. Kilisukuma upande mmoja wa mwili wake mbele, halafu kikajivuta kuufuata, kama harage linalotoa chipukizi, ila harage lenye haraka.

"Ile njo inakukula," akasema. "Inaitwa amibe. Unaimeza mu maji ao mu chakula yenye haikuoshwa muzuri."

"Na ile kamasi? Yule mama wa Kashuga aliitosha. Niliiona."

"Ile kamasi si mugeni, Mama. Ni yako. Kutoka ku koo mpaka kule chini, njia yote ya chakula iko imepakwa ile kamasi. Bila ile, chakula inakwama. Mu tumbo kuko maji kali yenye inaweza kuyeyusha nyama. Unazania juu ya nini haiyeyushe tumbo yenyewe? Ni ile kamasi njo inaikinga. Sasa kama adui anaingia, matumbo inatosha mingi juu ya kujilinda, sawa vile pua yako inafanyaka wakati ya mafua."

"Lakini ilikuwa mingi sana."

"Juu alikuchoma na dawa. Hata miye aniwekee ile pilipili, itatoka. Anatosha kamasi yako, anakuonyesha, anasema ni sumu. Iko anakuvua nguo, kisha anakuambia nguo njo ilikuwa ugonjwa."

Akacheka kidogo, na kicheko hicho kiliniharibia kila alichosema. Alikuwa mdogo. Hakuwa na pete. Alitoka Goma, ilisikika katika usemi wake. Yeye alikuwa na darubini yake na yule mama alikuwa na beseni lake, na mimi nilikuwa nimeonyeshwa vitu viwili tofauti, kila mwenye chake anasema ndicho. Alinipa vidonge vya metronidazole, akasisitiza nichemshe maji ya kunywa. Nilivifunga kwenye pindo la kitenge nikaenda navyo nyumbani. Sikuvimeza. Siku mbili nzima vilikaa kwenye pindo.

Kilichonifanya nivimeze ni mbuzi. Jirani yetu alikuwa ameoza binti, na wakatuletea sehemu yetu ya matumbo. Mama alikaa uani na maji ya moto na majivu, akayapasua kwa kisu, akaanza kuyasugua. Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka karibu yake. Kazi ile nimeifanya tangu nikiwa msichana na sikuwahi kuitazama. Siku ile niliitazama. Mama alipitisha kisu ndani ya utumbo, na kwenye ukingo wa kisu ukajikusanya ute. Mweupe, mzito, wa kuvutika. Akaukung'uta chini, akapitisha tena, ukajikusanya mwingine.

"Mama," nikasema, "ile mbuzi, nani aliipatia karuho?"

Alisimamisha kisu.

"Unaongea nini?"

"Ile kamasi. Ni yenye ilitoka mu beseni. Ni ile ile."

Alitazama kisu, akanitazama mimi. "Mbuzi si muntu," akasema, akaendelea kusugua, lakini kwa nguvu zaidi kuliko inavyotakiwa.

Jioni hiyo nilimeza vidonge viwili vya kwanza. Viliniachia mdomoni ladha ya chuma kwa siku zote za dawa. Siku ya nne damu ikaisha. Siku ya saba ute nao haukuonekana tena. Ulirudi ndani, nadhani, kufanya kazi yake mahali nisipouona. Mwezi haujaisha nilikuwa shambani.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ningependa kuiruka. Nilipona, nikanyamaza.

Nilijua. Nilikuwa nimeiona amibe kwa jicho langu, nimeuona ute wa mbuzi, na hata kijito kile cha njiani nilikuwa nimekikumbuka, maji yake maangavu na changarawe zake. Lakini mama alisema dawa ya kituo ilimalizia tu kile mama wa Kashuga alichokwisha kukitosha, na mimi sikumbishia. Mdogo wangu alipiga simu kuniuliza hali. Nikasema ninapata nafuu. Akasema:

"Mama ya mutoto alirudi kwabo. Hapa batu banakataza batoto bao kuingia kwetu. Ku maji, akifika, bamama benzake banasogeza mabidoni yao. Na miye, sijue, nilikuwa nakula kwa jirani. Alichoka."

Betri ya simu yangu ilikuwa imejaa, na mtandao siku ile ulikuwa mzuri. Ningeweza kusema sentensi tatu. Nilisema: "Pole, kaka."

Niliogopa nini? Niliogopa kumwaibisha mama yangu, hilo moja. Na kulikuwa na jingine, dogo na baya zaidi: sikuwa na hakika kabisa. Pembeni kabisa mwa akili yangu kopo lilikuwa bado liko juu ya kigoda. Mtu anaweza kumeza amibe na karuho pia, nilijiambia. Nani alipima karuho?

Kisha risasi zikaanza upande wa Kalembe, na watu wakaanza kupanda kuja kwetu. Saa nne ya asubuhi moja nilikuwa naanika maharage nikamwona mwanamke amesimama mwisho wa uwanja, mtoto mgongoni, godoro la sponji limekunjwa kichwani. Hakuingia. Alingoja aitwe. Ilinichukua muda kumtambua, kwa jinsi alivyokonda.

"Karibu, wifi," nikasema.

"Bwana yangu anabakia kuchunga bintu ya kazi," akasema. "Atatufuata. Alikuya mpaka kwa baba yangu, akasema nikuye kwabo."

Mama alitoka, akamjibu salamu akiwa anatazama mtoto tu. Tulimpa chumba cha nyuma. Jioni ile nikamletea maharage. Akashukuru kwa mikono miwili, akaweka sahani chini, na kesho yake nilikuta maharage yale nyuma ya nyumba, kuku wanayadonoa. Kuku hawakufa. Nadhani naye alikuwa anawatazama.

Tangu hapo alipika mwenyewe, kwenye mafiga matatu aliyoyaokota bondeni. Maji aliteka mwenyewe, na mdomo wa bidoni, dumu lake la maji, aliufunga kwa mfuko wa plastiki na kamba, na fundo lake alilifunga kwa namna ambayo angejua kama mtu amelifungua. Mtoto hakumwacha na yeyote kati yetu. Nilijua vizuri kwa nini. Watu waliokuwa wamemwita mwuaji wa sumu walikuwa sisi, na sasa alilala chini ya bati letu, karibu na shamba ambalo sisi ndio tungefaidi akitoweka yeye na mtoto wake. Kwa hesabu zake, sisi ndio tulikuwa watu wa kuogopwa.

Na mimi, baada ya kuona yote niliyoyaona, nilipokwenda shambani nilifunika chungu changu na kuweka jiwe juu ya kifuniko. Tuliishi hivyo wiki tatu, wanawake watatu katika uwanja mmoja, kila mmoja na jiko lake la kulinda.

Siku ya soko, mtoto alianza kuhara. Niliporudi niliwasikia kabla sijawaona. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, ameshika puwari mkononi na bakuli la majani yaliyotwangwa, na wifi alikuwa amekaa kitandani amemkumbatia mtoto. Kitenge alichomfungia kilikuwa kimelowa, na juu yake niliuona: ule ute.

"Tumusafishe mbio," mama alikuwa anasema. "Unaona kamasi? Kintu iko mu tumbo."

"Mulimupa nini?" Wifi alimvuta mtoto kifuani. "Nauliza, mulimupa nini mutoto yangu? Asubui nilienda ku choo, nikamwacha hapa. Nani aliingia?"

"Hakuna mwenye aliingia," mama akasema. "Ni weye mwenyewe unajua mambo ya sumu."

Nilimnyang'anya mama ile puwari. Sijawahi kumshika mama yangu mkono kwa nguvu kabla ya siku hiyo wala baadaye. Bakuli likaanguka, majani yakamwagika kwenye sakafu ya udongo. Mtoto wa miezi kumi, macho yameingia ndani, midomo imekauka, na mama anataka kumtosha hata kile kidogo kilichobaki.

"Apana, mama. Hii ilitaka kuniua miye."

Kisha nikamgeukia wifi, na maneno niliyokuwa nimeyameza yakatoka yote kwa mkupuo. "Haikukuwa weye. Ilikuwa amibe, ya mu maji. Niliikunywa mu njia, mbele ya kufika kwako. Walinionyesha ku laboratwari. Hii kamasi si sumu. Twende ku kituo, sasa hivi."

Hakusimama. Alinitazama kwa yale macho yake, safari hii yametulia kabisa.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mbele ya mavuno."

Aliitamka miezi kimoyomoyo, niliona midomo yake ikitikisika. "Miezi saba," akasema. "Miezi saba ulijua."

Akamfunga mtoto kifuani, si mgongoni, akatoka. Nilimfuata. Njia nzima, saa moja na nusu ya kupanda na kushuka, nilijitolea kumpokea mtoto mara tatu na mara tatu hakugeuka.

Kijana wa laboratwari alikuwa bado yupo. Alitazama, akatazama tena, akasema kwa mtoto hakuona amibe. Wifi akanigeukia papo hapo.

"Mbona yake haina kadudu?"

Nilikuwa nimemwahidi kadudu. Kijana akaeleza kwamba kuhara kuna vyanzo vingi na vingine havionekani katika kioo chake. Kwamba tumbo lina njia ile ile moja ya kujilinda, likishambuliwa na chochote linatoa ute, na ute haumwambii mtu jina la adui. La muhimu, akasema, mtoto asikaukiwe. Akatoa pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji yaliyochemshwa, na vidonge vya zinki, akamwambia asiache kunyonyesha.

Wifi alichemsha maji yale mwenyewe katika jiko la kituo. Alipima, akachanganya, akakinywesha kile kiumbe kijiko baada ya kijiko mchana kutwa. Mimi nilikaa kwenye benchi ukutani. Saa kumi hivi mtoto alilia, na machozi yakatoka. Muuguzi akasema hiyo ni dalili nzuri, tangu alipofika alikuwa analia bila machozi. Wifi akaegemeza kichwa ukutani, karibu na changu lakini bila kugusana.

"Ile siku ya kasiksi," akasema, "mutoto alikuwa analia ku jiko, karibu na moto. Nilikimbia. Na kwa baba yangu hatuonjeaka kopo ya mugeni. Ni kumupa mabaki. Na sahani ya mugeni inakuwaka ya peke yake, ni heshima."

"Na shamba?"

"Nilikuwa naogopa vita. Nilikuwa nataka kujua kama tuko na mahali pa kukimbilia." Akampangusa mtoto mdomo. "Sasa utatelefonia mama yangu. Si miye. Mama yangu. Utamwambia mbele yangu."

Nilipiga simu siku tuliporudi nyumbani, uani, sauti imefunguliwa ili wote wasikie, mama yangu amesimama mlangoni. Nilisema jina langu na la baba yangu. Nilisema niliugua kwa maji ya kijito, kwamba binti yao hakunipa kitu kibaya, kwamba nilijua na nikanyamaza. Upande wa pili walisikiliza mpaka mwisho. Kisha mama yake akasema, "Tumesikia," na akakata. Kama kijiji kile kilimwamini sijui. Maneno ya kwanza yalikuwa yametembea miezi saba peke yake; haya ya pili yalikuwa yamechelewa sana kuyafikia.

Mtoto alipona. Mdogo wangu alifika mwezi uliofuata, amebeba randa na misumeno tu. Niliwaachia shamba lao, mpaka wake tukaupima pamoja kwa hatua, lakini wifi hakutaka kukaa. Walishuka Bweremana, na mdogo wangu sasa anatengeneza mitumbwi kando ya ziwa. Mama yangu mpaka leo anasema ilikuwa karuho. Husema hivyo hata mbele ya mtoto, anapokuja likizo, naye humjibu kwa kumrukia mapajani.

Mwezi jana dereva wa moto aliniletea kifurushi kutoka kwa wifi: sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa, wamefungwa vizuri katika karatasi, bila ujumbe wowote. Mama alikataa kuwagusa. Mimi niliwapika kwa nyanya na mafuta ya mawese nikawala wote, na walikuwa watamu. Niliwaosha kwanza, mara tatu. Samaki wa kukausha mchangani huwa na mchanga, kila mpishi anajua. Wale, nilipowamwagia maji ya kwanza, maji yalitoka safi. Bado niliwaosha mara ya pili na ya tatu, mikono yangu ikijua inachokifanya, na mimi nikiitazama.